Nilijifunza Herufi Katika Vyuo Viwili

Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mimi, msomaji mpenzi, nilikuwa na macho yangu mawili mazima, nikatazama, na bado nikaanguka kifudifudi mbele ya mwalimu wangu. Kisa chenyewe nimekaa nacho kwa muda mrefu. Leo nimeona ni heri nikitoe, huenda kikamfaa kijana mwingine anayetaka kuishika kazi hii ya kupanga herufi na kurasa.

Zilikuwa zimebaki siku sita kufikia Maulidi ya madrasa yetu hapa Mombasa. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sanaa ya uchoraji na upangaji wa kurasa katika chuo kimoja cha Nairobi. Nilikuwa nimeombwa nitengeneze jarida la madrasa, kurasa 32, nakala 300, kwa fedha za michango ya wazazi. Nililipanga kwa mikono yangu, nikalipeleka kwa mpiga chapa huko huko Nairobi, na maboksi yakateremka Pwani kwa basi la usiku.

Baada ya sala ya alasiri nilimpelekea Maalim nakala ya kwanza. Aliipokea kwa mikono miwili, akalisifu jalada, akafungua ukurasa mmoja mmoja huku akitikisa kichwa kwa furaha. Alipofika katikati, ukurasa wa 16 na wa 17, mkono wake ukasimama. Alinyamaza kwa kitambo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, hapa umepasoma?"

"Nimepaangalia, Maalim."

"Sikukuuliza kuangalia. Nimekuuliza kusoma."

Nikainama nikatazama alipoweka kidole. Palikuwa na Bismillahi, lakini haikuwa Bismillahi. Kila herufi ilisimama peke yake kama abiria wasiojuana kwenye kituo cha matwana. Be mbali, sini mbali, mimu mbali, na zote zimepangwa kuanzia kushoto kwenda kulia. Chini yake ilikuwa kasida ya marehemu baba yake Maalim, aliyoitunga kwa Kiswahili na kuiandika kwa herufi za Kiarabu. Nayo ilikuwa imepinduliwa vivyo hivyo, hata kina kilichostahili kuufunga mstari kikawa kimetangulia mbele.

"Hili ni jina la Mola," akasema Maalim. "Nani amelikata viungo?"

Sikuwa na jibu.

CHUO CHA KWANZA

Sisi wa Pwani tukisema "chuo" tangu zamani huwa hatukusudii ghorofa za Nairobi. Chuo ni pale mtoto anapokaa mkekani na juzuu yake. Mimi nilianzia hapo. Maalim alitufundisha kusoma, na sisi wachache tuliopenda khati alitufundisha kuandika kwa kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha kwa mshazari.

Jambo la kwanza alilotufunza halikuwa herufi, bali nukta. Ukiigusisha ncha ya kalamu kwenye karatasi na kuivuta kidogo, hupata kitone chenye pembe nne kama almasi. Kitone hicho ndicho kipimo. Alifu ina urefu wa vitone kadhaa. Be ina upana wa vitone kadhaa. Tumbo la nuni halizidi kadiri yake. Nilipokosea, Maalim hakusema "mbaya." Alishuka na vitone vyake juu ya herufi yangu, kimoja baada ya kimoja, mpaka mwenyewe nione ilipozidi.

Nilidhani ni hila yake tu ya kutushughulisha watoto. Sikujua kwamba kanuni ile ina zaidi ya miaka elfu moja. Ilipangwa Baghdad na Ibn Muqla, aliyekuwa waziri wa makhalifa watatu wa Bani Abbas, na aliyefariki mwaka 940. Yeye ndiye aliyeifunga khati ya Kiarabu kwa vipimo: kitone cha kalamu kiwe kizio, alifu iwe kimo, na duara ambayo alifu ni kipenyo chake iwe mzani wa herufi nyingine. Siasa za zama zile zilimfanya akatwe mkono, lakini kanuni yake haikukatika. Baada yake alikuja Ibn al-Bawwab, kisha Yaqut al-Musta'simi, na mpaka leo mtu hapimi khati bila ya kitone.

CHUO CHA PILI

Nairobi nilikwenda nikiwa na tamaa ya kompyuta. Mwalimu wetu wa kupanga herufi alikuwa mzee ambaye katika ujana wake alipanga herufi za risasi kwa mkono. Muhula mzima wa kwanza hakuturuhusu kugusa mashine. Alitupa rula, penseli na magazeti ya zamani, akatuambia, "Pimeni."

Tulipima. Tulijifunza kwamba inchi moja ina pointi 72, kwamba pointi 12 ni paika moja, na kwamba herufi za habari gazetini aghalabu ni pointi 9 au 10. Tulijifunza kwamba nafasi baina ya mistari haiji yenyewe. Zamani ilikuwa ni vipande vyembamba vya risasi vilivyopachikwa kati ya mstari na mstari, na hata leo herufi ya pointi 10 hupewa mstari wa pointi 12 hivi ili ipumue. Tulijifunza kwamba mstari ukiwa mrefu mno jicho hupotea likirudi mwanzo, na ukiwa mfupi mno jicho huchoka kwa kurukaruka. Mstari mwema wa kitabu una herufi kati ya 45 na 75. Ndiyo maana gazeti hukatwa safu.

Alitufundisha pia nasaba za herufi. Gutenberg wa Mainz, aliyetoa Biblia yake yapata mwaka 1455, alichonga herufi zake zifanane na mwandiko wa makasisi wa nchi yake. Aldus Manutius wa Venice alitumia herufi za mlazo kuanzia mwaka 1501. Herufi ziitwazo Times New Roman zilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo tarehe 3 Oktoba, 1932. Helvetica, isiyo na vijiguu chini ya herufi, ilitoka Uswisi mwaka 1957. Kila moja ina kwao na ina kazi yake, kama vile kanzu ya Ijumaa si nguo ya kwendea kuvua.

Siku moja mzee yule alituambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema mpangaji kurasa ni kama mpishi wa pilau ya harusi. Wageni wakila na kuisifu harusi, mpishi amefaulu. Wakianza kumuulizia mpishi, basi ujue wamekuta mchanga katika wali.

MSAHAFU NA GRIDI

Katika mwaka wa pili tuliingia katika kupanga jarida. Hapo ndipo tulipofundishwa gridi, yaani mistari isiyoonekana inayougawa ukurasa katika safu na vyumba, ili picha na maneno vikae kwa nidhamu. Tulisomeshwa kazi za Waswisi, hasa Josef Müller-Brockmann, ambaye mwaka 1981 alitoa kitabu kizima juu ya gridi. Wenzangu walistaajabu. Mimi nilikuwa na fikira nyingine kichwani.

Nilikumbuka msahafu wa Madina, ule unaopatikana karibu kila nyumba ya Kiislamu hapa kwetu, uliopigwa chapa na jumba la Mfalme Fahd lililofunguliwa mwaka 1984, kwa khati ya Uthman Taha wa Syria. Ufungue, ndugu msomaji, uutazame kwa jicho la fundi. Una kurasa 604. Kila ukurasa una mistari 15, ila kurasa mbili za mwanzo. Kila ukurasa huishia mwisho wa aya, hakuna aya inayokatwa ikavushwa upande wa pili. Juzuu huchukua takriban kurasa 20. Na haya yote yametimizwa bila mistari kuonekana imebanwa hapa na kuachiwa pale.

Kwa nini kufanya taabu yote hiyo? Muulize aliyehifadhi. Atakwambia kwamba aya fulani iko ukurasa wa kulia, juu, mstari wa tatu. Yeye huikumbuka Qurani kwa sikio na pia kwa jicho. Mpangaji wa ukurasa ule amemsaidia hafidhi bila ya hafidhi kumwona. Nilipomweleza mzee wa Nairobi jambo hilo, aliniomba nimletee msahafu. Hakuugusa mpaka aliponawa mikono, ingawa si Mwislamu. Aliutazama kwa muda, kisha akawaambia wenzangu waje kuona gridi.

Nilirudi chumbani siku ile nimejaa kiburi. Nilijiona mtu wa vyuo viwili, ninayejua ya huku na ya kule. Kumbe kiburi ndicho kilichonipofusha.

MCHANGA KATIKA WALI

Basi tuje kwenye jarida lenyewe. Nililipanga kwa safu mbili, pambizo pana, vichwa vya herufi nene, habari kwa pointi 10 juu ya 13. Karatasi ya katikati niliiweka iwe heshima ya kasida: ukurasa wa 15 picha ya marehemu, 16 na 17 kasida yenyewe kwa herufi za Kiarabu, na 18 kasida hiyo hiyo kwa herufi za Kirumi, kwa wale ambao hawakubahatika kusoma zile za kwanza.

Kijana mmoja wa madrasa aliichapa kasida kwenye kompyuta akaniletea kwa barua pepe. Kwake ilikuwa sawasawa. Mimi niliinakili nikaibandika kwenye programu yangu, na hapo ndipo ilipoharibika.

Herufi za Kiarabu ni 28, na nyingi kati yake zina sura nne: ya peke yake, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Sita tu, yaani alifu, dali, dhali, re, ze na wau, ndizo zisizoshikana na inayofuata. Kompyuta huhifadhi herufi moja tu, kisha programu huamua avae sura gani kwa kutazama majirani zake, na hupanga kutoka kulia. Toleo la programu tulilokuwa nalo halikuandaliwa kwa kazi hiyo. Lilizichukua herufi za Kiarabu likazipanga kama za Kizungu: kila mmoja kivyake, kuanzia kushoto. Irabu nazo zikapeperuka mbali na herufi zake.

Mpiga chapa hakusoma Kiarabu, wala hatumlaumu. Mwenzangu aliyenisaidia kusahihisha makosa alikuwa mtu wa bara, naye aliziruka kurasa zile. Lakini mimi? Mimi niliyezimeza juzuu zote 30 nilizitazama kurasa zile kwenye kioo pengine mara 20. Nilitazama kama pambizo ziko sawa, kama wino ni mweusi wa kutosha, kama maandishi yamejaa umbo la ukurasa. Niliyatazama maneno kama mtu atazamavyo nakshi za mlango wa Lamu. Sikuyasoma.

Baadaye nilikuja kujua kwamba si mimi wa kwanza. Yapata mwaka 1537 na 1538, huko Venice, Paganino Paganini na mwanawe Alessandro walipiga chapa Qurani nzima kwa herufi za Kiarabu, ambayo ndiyo ya kwanza ijulikanayo kupigwa chapa kwa mashine. Walichonga herufi kwa gharama kubwa, lakini makosa yalikuwa mengi. Hata dali na dhali hazikutenganishwa kwa nukta yake. Biashara ikafa. Kwa karne nyingi watu walidhani hakuna nakala hata moja iliyosalia, mpaka mwaka 1987 mtafiti Angela Nuovo alipoiona moja katika maktaba ya watawa huko huko Venice. Watu wale walikuwa mafundi hodari kuliko mimi. Waliziona herufi, hawakuzisoma.

USIKU WA KUFUNGUA PINI

Maalim hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alifunga jarida, akaliweka juu ya rafu, akaniuliza nakala ni ngapi na karatasi zimeungwa vipi. Nikamwambia zimekunjwa katikati na kupigwa pini mbili.

"Basi hii ya katikati yatoka?"

Nikashtuka. Mimi mwenye kusomea kazi sikuwa nimeliwaza hilo. Jarida la namna ile ni karatasi zilizowekwa moja juu ya nyingine zikakunjwa pamoja. Kila karatasi ina kurasa nne, ndiyo maana idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ile ya katikati ikitolewa, hakuna habari nyingine inayopungua. Kosa langu lote lilikuwa limekaa katika karatasi moja.

Usiku ule, baada ya Isha, tuliketi barazani mwa madrasa, wavulana upande mmoja, wasichana na mama zao upande wa pili. Tulizifungua pini za nakala 300 kwa visu vya jikoni, tukazitoa karatasi 300. Maalim alitukataza kuzitupa au kuziuza kwa wenye kufungia njugu. Jina la Mwenyezi Mungu, hata likiandikwa kwa makosa, halikanyagwi. Alitukumbusha kwamba Sayyidna Uthman, radhi za Allah zimshukie, alipoukusanya msahafu aliamuru nakala nyingine zichomwe ili umma usikhitalifiane. Tulizichoma katika chungu safi, na alfajiri tukaenda kumwaga majivu baharini.

Nilisimama pale maji yakiyapokea yale majivu, na nakuambia kweli, niliwaza kuiacha kazi hii.

Nilipogeuka, Maalim alikuwa amekwisha kuchonga kalamu. Aliketi mkekani akaiandika kasida ya baba yake upya kwa mkono wake, mistari yote, kwa wino mweusi. Alipochoka alinipa kalamu niandike beti mbili za mwisho. Akashuka na vitone vyake kunipima, kama zamani. Nikaipitisha kazi ile kwenye mashine ya kunakili picha, nikaiweka kwenye ukurasa kama picha, na mpiga chapa mmoja mdogo wa hapa mjini akatutolea karatasi 300 kwa siku mbili. Gharama nililipa mimi, kwa kuuza simu yangu. Safari hii kabla ya kupiga chapa tuliisoma kasida kwa sauti, mimi nikisoma karatasi ya mashine na Maalim akifuata ya mkono, neno kwa neno.

Siku ya Maulidi jarida lilikuwa mikononi mwa watu. Wazee kadhaa waliifungua katikati, wakaitambua khati, wakaanza kuiimba ile kasida pale pale.

NENO LANGU KWA VIJANA

Kuna wanaosema mambo haya ya herufi za Kiarabu yamepitwa na wakati, sasa Kiswahili ni cha herufi za Kirumi. Sibishani nao. Lakini wasisahau kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo karne nyingi. Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate mwaka 1728 uliandikwa hivyo. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu ilisifika pwani nzima. Sultan Barghash bin Said, aliyetawala Unguja toka 1870 hadi 1888, alileta mtambo wa chapa wa Kiarabu. Na hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Babu zetu hawakuwa wageni wa wino.

Siku hizi programu nyingi zinaziweza herufi za Kiarabu, mradi uchague mpangilio wa kutoka kulia. Zimetoka pia herufi nzuri za bure, kama vile Amiri ya Khaled Hosny wa Misri, aliyefuata herufi za mtambo wa Bulaq wa Cairo. Na bado ninapita barabarani nikiona mabango ya mawaidha na kadi za harusi zenye Bismillahi iliyokatika vipande. Nikiuliza, kijana aliyetengeneza huniambia, "Niliona iko sawa."

Kwa hiyo nakupa mambo matatu, ndugu yangu. Kwanza, herufi za Kiarabu zipe ukubwa zaidi kidogo kuliko za Kirumi zilizo kando yake, na nafasi zaidi baina ya mistari, kwani zina irabu juu na chini. Pili, usizitanue kwa kuzitenganisha. Herufi hizi hurefushwa kwa mvuto wa kalamu. Tatu, na hili ndilo kubwa, usipige chapa usichokisoma. Kama huwezi kukisoma, mtafute mwenye kuweza, na umsubiri hata kama wewe una haraka.

Mimi sasa kazi hii ndiyo inayonipa riziki, alhamdulillahi. Karatasi yoyote yenye Kiarabu haitoki mezani kwangu mpaka isomwe kwa sauti na watu wawili. Wateja wengine hulalamika kwamba ninawachelewesha. Huwaonyesha jarida moja la zamani ninaloliweka mezani, lenye karatasi ya katikati ambayo weupe wake umetofautiana kidogo na nyingine. Aghalabu hawaioni tofauti hiyo. Maalim wangu, kila anapolishika, kidole chake huenda pale pale.